Petroli kwa Heshima ya Mwandani Wangu

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kumi na mbili ya ndoa! Leo mwandani wangu alikaa dirishani na kikombe chake, jua likimpiga shavuni. Nilimtazama mpaka chai yangu ikapoa. Ningeweza kumtazama mpaka kikombe kiote ukungu.

Habari kubwa. Baba Mkwe, seremala, ametuazima pikapu yake mpaka Jumamosi tuhamishie vyombo. Kuanzia Jumatatu anataka dereva wa kuwapelekea wateja vitanda na makabati. Amesema waziwazi: pikapu ikirudi salama, kazi ni yangu. Isiporudi salama, ni ya shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye siku ya harusi alinipa mkono kama mtu anayepima ubao uliooza.

Asubuhi tukaenda kujaza mafuta. Mama wa pampu akauliza, petroli au dizeli? Swali gani hilo! Dizeli ni kinywaji cha malori na matrekta. Pikapu hii ndiyo iliyomleta bibi harusi wangu ukumbini. Nikatangaza kwa sauti kwamba gari lililombeba malaika halinywi masizi. Petroli, nusu tangi! Mama akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba nimemaliza kidato cha nne. Bahati mbaya malaika mwenyewe hakusikia hata neno, alikuwa dukani ananunua sabuni.

Tukafika kona ya pili. Pikapu ikakohoa. Ikagonga ndani kwa ndani kama mdai mlangoni. Ikatoa moshi mweupe, ikazima. Mafuta yamechakachuliwa! Nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Wauza matunda wanne walitusukuma hadi nyumbani. Mwandani wangu akauliza kulikoni, nikasema injini ina uchovu wa harusi.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi kituoni kwa miguu kudai haki yangu. Mama wa pampu aliwaita wenzake wote waje wasikilize. Mmoja alikaa chini kabisa ili acheke vizuri. Eti kifuniko cha tangi kimeandikwa dizeli. Nani anasoma vifuniko? Eti petroli inaikausha pampu ya injini ya dizeli, nisiwashe tena hata mara moja, niite fundi. Ushauri wa watu wanaocheka siufuati.

Nina akili zangu. Nikanunua dumu zima la dizeli, nikarudi nyumbani nikalimimina juu ya ile petroli. Kilichobaki ni kuchanganya. Nikapanda nyuma ya pikapu nikarukaruka kwa dakika ishirini. Majirani wakatoka na viti. Mwandani wangu akachungulia, akauliza ninafanya nini. Mazoezi ya viungo, nikasema. Akasema ninapendeza, ila nishuke kabla springi hazijakatika. Ninapendeza! Kaniambia mbele ya majirani!

Nikawasha. Pikapu ikalia mara moja kama mbuzi aliyekanyagwa, kimya. Ukosefu wa shukrani ulioje!

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji amekuja bila hata kupiga simu. Akaizunguka pikapu mara mbili, mikono nyuma, kama mkaguzi. Akauliza, shemeji, mbona gari limelala? Nikasema limepumzika. Akaomba ufunguo aisikilize injini. Nikakataa. Nikamwambia gari hili limebeba kumbukumbu za ndoa yangu, haliguswi ovyo. Akainama kwenye tangi, akanusa, akasema kumbukumbu zangu zinanuka petroli. Akaondoka anacheka peke yake njia nzima. Eti ameshanunua glavu za udereva. Za ngozi! Mtu huyo hana haya.

Ikabidi niyatoe mafuta mwenyewe. Nikatumbukiza mpira kwenye tangi, nikavuta kwa mdomo. Yakaja haraka kuliko nilivyotarajia. Mafunda mawili! Nikakimbilia ndani kutafuta faraja ya mke wangu. Akanigeuzia shavu. Mimi! Ndani ya wiki mbili za ndoa nageuziwa shavu! Akasema hambusu mtu mpaka ajue kwa nini ananuka kama kituo cha mafuta.

Nikakiri yote. Sikukiri kwa woga, iandikwe hivyo. Nilikiri kwa ajili ya busu.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, mpenzi, si ungeniuliza? Mimi nimekulia chini ya hiyo pikapu, nikimshikia baba spana. Siku kumi na nne za ndoa na hakuwahi kunitajia! Akanitafutia maziwa, akaniuliza mara tatu kama tumbo linauma, akakunja mikono ya gauni, akaenda kumwita fundi. Busu nimeahidiwa nikishapiga mswaki mara nne.

Ijumaa, 7 Machi

Pikapu imevutwa kwa kamba hadi gereji. Mimi nilishika usukani wa gari lililokufa huku watoto wa shule wakinipigia makofi. Aibu!

Fundi ni mtu mzima mpole, kila nati anayofungua anaiambia pole. Mimi hakuniambia. Alimwaga mafuta yote kwenye pipa, akabadilisha chujio, akapuliza mabomba, akatia dizeli safi. Akasema hewa imeingia kwenye mabomba, anatakiwa mtu wa kuminya pampu ya mkono ili itoke. Nikajitokeza kifua mbele. Akanipita, akamwambia mke wangu, dada, hebu njoo wewe. Mke wangu akaminya kwa utulivu, jicho kwenye mapovu, akasema bado, bado, funga. Mimi nikapewa faneli ya kumiminia mafuta. Niliishika juu chini kwa muda mfupi sana, lakini gereji nzima iliona.

Basi ikawa wimbo. Dizeli tu, bwana harusi! Fundi, msaidizi wa fundi, mchomeleaji, muuza chai, wote. Dizeli tu! Nimehesabu mara kumi na saba. Mtu akikosea mara moja ndiyo aimbiwe?

Injini ikanguruma. Mwandani wangu akageuka, grisi puani. Sijapata kumwona mzuri namna ile. Nilirudi nyuma nimwone vizuri zaidi, nikanusurika kutumbukia kwenye shimo la gereji.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya hukumu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya ukurasa mzima kuhusu vumbi na ubovu wa barabara. Mwandani wangu ndiye aliyeendesha, kwa sababu fundi alimpa ufunguo yeye na kunitazama mimi.

Shemeji alikuwa getini, glavu mkononi. Mke wangu akaingiza pikapu kinyumenyume katikati ya marundo ya mbao, mara moja tu, bila kugusa hata kipande. Nikashuka, nikakohoa kidogo, nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, akasema: Baba, mume wangu alitia petroli, tumeisafisha, iko sawa.

Basi! Hotuba yangu yote imeuawa na sentensi moja!

Baba Mkwe aliweka kiganja kwenye boneti, akasikiliza kwa muda mrefu. Nilijisikia kama kabati linalotafutwa kasoro. Akauliza nani alitoa hewa. Mke wangu akasema yeye. Akauliza mimi nilifanya nini. Nikasema faneli.

Akampa binti yake ufunguo. Shemeji akapiga kelele kwamba huyo ni mdogo wake. Baba Mkwe akamkumbusha kuwa alivunja vioo vya makabati mawili kabla hata hayajatoka uani. Kisha akanigeukia: mwanangu, wewe utapakia na kupakua.

Mpakiaji! Bwana harusi wa siku kumi na sita! Nilikuwa tayari kususa chakula. Halafu nikafikiri. Kutwa nzima kiti kimoja na mwandani wangu, mlango hadi mlango, tukiwapelekea watu vitanda. Kuna kazi ya kimapenzi kuliko hiyo? Nikawasamehe wote, isipokuwa shemeji.

Jumapili, 9 Machi

Kesho ndiyo siku ya kwanza ya mke wangu kazini. Mteja wa kabati la milango mitatu anangoja saa mbili kamili asubuhi. Mwandani wangu amekwenda kwa mama yake, pikapu imelala kwetu, nami nimeamua kumwandalia kwa mapenzi.

Nimeosha matairi. Nimefungua boneti kama anavyofungua yeye. Nikakuta rejeta, ile ya kupoza injini, imepungua. Jirani, mhasibu mstaafu, akaniambia kutoka kwenye uzio wake nijaze maji. Maji! Nilimcheka mpaka akakereka. Nikamwambia hili gari ni dizeli tu, hata muuza chai anajua, na mimi si mtu wa kurudia kosa.

Nimeijaza rejeta dizeli mpaka mdomoni. Na ile chupa ya kuoshea kioo pia.

Kesho akiwasha, atajua ameolewa na mwanamume anayesikia akiambiwa.