Kiwiko cha Mlinzi wa Lango

Jumapili, 2 Juni

Picha zimetoka. Nimo! Kiasi. Shemeji yuko katikati, mzima, kuanzia taji mpaka ukucha. Sindano yuko kulia kwake na upanga, Mwalimu kushoto na fimbo ya uchawi. Mimi ni kiwiko. Kiwiko cha kulia, ukingoni kabisa, kama cha mtu aliyekuwa anapita zake kwenda dukani.

Niandike vizuri, maana shajara hii itasomwa na vizazi. Sisi ni watu wazima wanne. Tunashona na kugundisha mavazi ya mashujaa wa hadithi tuliyoitunga wenyewe, tunayavaa, tunapigwa picha, tunafurahi. Wanaoujua mchezo huu huuita kosplei. Mke wangu huuita uchizi. Shemeji, kaka yake mke wangu, ni Mfalme kwa sababu ni mrefu na ana kidevu. Sindano, fundi cherehani mwenye ulimi mkali, ni Jemadari. Mwalimu wa hesabu ni Mchawi. Mimi, muuza friji, ni Mlinzi wa Lango. Na lango, kwa bahati mbaya, huwa pembeni.

Binti yangu alipeleka shuleni picha ya mara iliyopita, ambayo pia ni kiwiko. Walitakiwa kuonyesha wazazi wao. Darasa zima likaangua kicheko, wakasema hana baba, ana kiwiko. Amenisimulia huku anakula, bila kulia, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Akauliza kama safari ijayo nitatokea mzima. Nikamwambia nitatokea mpaka wachoke kuniona.

Jumatatu, 3 Juni

Habari moto! Mpiga picha wetu anataka picha moja kubwa ya kuweka kwenye dirisha la studio yake mwaka mzima. Upigaji ni Jumamosi. Dirisha lenyewe liko njia ya shule! Wale wachekaji wote hupita hapo kila asubuhi na mikoba yao. Mungu ni mkubwa.

Nimewapigia simu wenzangu. Nimependekeza hadithi ibadilike kidogo tu: igundulike kwamba Mlinzi wa Lango ndiye kaka mkubwa wa Mfalme, aliyeibwa utotoni, na sasa amerudi kudai haki yake. Shemeji amesema anaye shemeji tayari na anamtosha, kaka hamhitaji. Mwalimu amesema atafikiria, kwa ile sauti anayowapa wanafunzi waliofeli. Sindano ameuliza kama nimekula.

Sawa. Nikamwendea mpiga picha, kijanja, kana kwamba napiga soga tu. Nikamuuliza huwa anaamuaje nani akae katikati. Akajibu kwamba haamui. Kitu kikubwa kuliko vyote ndicho hukaa katikati, vinginevyo picha inalala upande. Kumbe! Miaka yote hii nimekuwa mwembamba bure.

Jumanne, 4 Juni

Mpango: Mlinzi wa Lango amelaaniwa, amegeuka Jitu la Dhahabu. Urefu wa mlango, upana wa mlango.

Nimechukua boksi la friji kazini. La friji ya milango miwili! Meneja akaniona nalitoa, akauliza naenda nalo wapi. Nikasema mteja amelikataa. Akauliza ni mteja gani anayechukua friji akakataa boksi. Nikasema wako wengi tu. Amenikodolea macho mpaka nikapotelea konani.

Boksi limekuwa mgongo. Limesimama wima na kunipita kichwa. Limependeza! Lakini jitu linataka nyama, na nyama ni sponji. Nimemwomba Sindano. Amesema sponji zake zote kazichukua Shemeji. Za nini? Hakusema. Ala!

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa Shemeji kuazima pasi. Pasi tunayo. Ulikuwa upelelezi. Alifungua mlango nusu akauziba kwa mwili, lakini mimi ni mlinzi, macho yangu yamezoea kazi. Nimeona mabawa! Ya sponji, yanagusa ukuta huu na ukuta ule wa sebule. Nikauliza tangu lini mfalme akawa na mabawa. Akasema tangu jana, shemeji, kisha akanipa pasi na kufunga mlango. Nimerudi nyumbani na pasi ya pili, damu inachemka.

Vita ni vita. Sebuleni kwetu kuna makochi, na ndani ya mito ya makochi kuna sponji ya hali ya juu, iko pale inakaliwa tu. Mke wangu alikuwa kazini. Nimepasua mito kwa ustadi, nimetoa sponji, nimejaza magazeti ya zamani, nimeshona. Mgongo wa kochi kubwa una mahameli ya manjano yenye vifungo vilivyozama. Nayo nimeibandua, nikatandika shuka na kusema ni mtindo mpya. Kifua cha Jitu kikivikwa mahameli ile, hata wewe utapiga saluti.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa. Mama mkwe amekuja. Bila taarifa! Amesema atakaa wiki nzima. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu ukae. Akakaa. Kochi likasema krrrsh. Akainuka, akalitazama, akakaa tena taratibu. Krrrsh. Akamuuliza binti yake kama nyumba hii ina panya. Nikadakia kwamba makochi ya kisasa yako hivyo, yanaongea. Mke wangu alinitazama tu, na ninamjua, deni hilo ameliweka akiba.

Mama mkwe akahamia kochi dogo la pembeni, lenye mto mmoja. Mto pekee niliokuwa sijaupasua! Na hapo ameganda. Anakula hapo, anafuma hapo, anasinzia hapo. Mto ule nimeshaupigia hesabu, ni wa kiwiko cha kulia. Nimemsihi akapumzike chumbani, amesema hapo panamfaa. Nimemwambia nje kuna hewa nzuri mno. Amesema amekuja kumwona mjukuu, hakuja kuiona hewa.

Ijumaa, 7 Juni

Mama mkwe hajainuka. Sponji haikutosha. Mkono wa kushoto umejaa kama gogo. Wa kulia nimefunika juu, nimefunika chini, katikati pamebaki tundu na kiwiko changu kinachungulia. Basi! Jitu zima limesimama hapo, nani ataangalia kiwiko?

Nimegundisha kila kiungo kwa gundi ya viatu. Nimepulizia rangi ya dhahabu mpaka stoo yote imeng'aa, pamoja na ndoo na baiskeli. Binti yangu amebisha hodi, ameomba kuchungulia. Nimemkatalia. Nataka anione dirishani, mbele ya wenzake, vinywa vikiwa wazi. Akasema sawa, kwa sababu amekwisha kuwaambia darasani kwamba safari hii baba yake atakuwa mzima. Amekwisha kuwaambia!

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una gundi. Nitajikaza hivyo hivyo.

Upigaji ulikuwa uwanja wa nyuma wa ghala la mbao. Nilitoka nyumbani nimeshavaa, nimesimama nyuma ya gari letu la kazini la kubebea friji. Dereva akanifunga kamba kwa uangalifu, akauliza anipandishe ghorofa ya ngapi. Nilitaka kufika kabla ya kila mtu, na nilifika. Mpiga picha alikuwa ameshachora alama ya chaki katikati ya uwanja. Nikaikanyaga. Yangu!

Nikasimama. Jua likapanda. Ndani ya sponji ni tanuri. Nikasema nikae kidogo tu, kwenye rundo la mbao lililokuwa nyuma yangu. Nimekwisha! Boksi likakunjika, mgongo ukabaki wima, mapaja yakalala mbele, mikono ikatua ubavuni huku na huku. Gundi iliyolegea kwa joto ikashika upya pale pale. Kofia ya chuma, ya boksi lakini, ikanishukia mpaka kidevuni. Nikajaribu kuinuka. Thubutu! Nikaita. Sponji ya hali ya juu humeza sauti.

Wakaja. Nikamsikia Sindano akipiga ukelele, akiuliza nani kaleta kiti cha enzi kizuri namna hii. Mwalimu akasifu vifungo. Mpiga picha akasema kimewekwa katikati hasa, aliyekileta ana jicho. Kisha Shemeji, bila haya hata chembe, akasema ah, ni kitu kidogo tu, alikigongagonga mwenyewe jioni moja. Mwongo! Mwongo wa kutupwa! Nilipiga kelele mpaka masikio yakaziba. Masikio yangu mwenyewe.

Ndipo wakauliza mimi niko wapi. Nikanyamaza. Nilitaka kusikia.

Sindano akasema wasianze bila mimi, maana bila Mlinzi mchezo hauna ladha. Mwalimu akasema kati yetu wote mimi ndiye ninayeamini kweli kweli. Hata Shemeji akakohoa, akasema ile mara taji lake lilipokataa kuingia garini, nililibeba kichwani mji mzima, na sijawahi kumkumbusha. (Nimewahi. Mara nyingi.) Machozi yakanitoka. Ndani ya kofia ile hayana pa kwenda. Ningeweza kukaa hapo mpaka Jumapili nikisifiwa.

Wakangoja, wakachoka. Mfalme akaketi. Juu yangu! Na mabawa yake yote! Lo, mtu yule ana mifupa. Akasema kiti kina joto zuri.

Mpiga picha akawapanga, kamera ikalia, kacha, kacha. Akalalamika kwamba nyuso zimekauka, akawaomba wafanye kama wameona jambo la kutisha. Wakajitahidi. Akasema hizo ni sura za watu wanaongoja chai. Mimi huku rangi ya dhahabu imechanganyika na machozi, imenipanda puani. Nilijizuia kwa heshima zote. Nikashindwa. Nikapiga chafya. Chafya ya mtu mzima, iliyofungiwa asubuhi nzima! Mfalme akaruka hewani, Mchawi akajifunika joho, Jemadari akatupa upanga na kutimua mbio. Kacha.

Sindano alirudi akanitoa kwa mkasi. Alikuwa anakata huku anacheka, nikamwomba achague moja. Wote wakamgeukia Shemeji wamuulize kuhusu kiti chake alichokigongagonga. Akaanza kukagua mabawa, eti limelegea moja.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu amekaa kwenye kochi kubwa. Krrrsh. Akachukua mkasi, akafumua mshono, akatoa gazeti, akalisoma kwa sauti mbele ya mama yake mpaka ukurasa wa michezo. Kisha akauliza kama nina la kusema. Nikasema siku ile timu yetu ilicheza vizuri. Halikuwa jibu sahihi.

Nimeapa kwa mkono wa kushoto kwamba sitagusa tena mto wowote wa nyumba hii. Sindano ameahidi kurudisha mwili wa Jitu ndani ya makochi. Mama mkwe amesema yeye alijua tangu Alhamisi, na ndiyo maana hakuinuka.

Jumatano, 12 Juni

Binti yangu kanishika mkono asubuhi, twende dirishani. Nilijaribu njia nyingine. Nilisema nimechelewa kazini. Akasema wenzake wanangoja. Nilikuwa sijamwambia kitu. Ningeanzia wapi?

Picha ipo, kubwa kama mlango. Mpiga picha amechagua ile ya chafya! Mwalimu ametoa macho kama anaona fisi. Sindano anakimbia, nusu yake imekwisha kutoka. Shemeji yuko hewani, miguu na mabawa, ila kichwa kimekatwa na ukingo wa juu. Taji lote, kidevu chote, hakuna! Na katikati kabisa, kikubwa kuliko kila kitu, ni kiti cha dhahabu. Dalili ya baba wa mtu yeyote hakuna. Watoto wamejazana pale wanatafuta, na mmoja ameshaanza kucheka. Nikageuka niondoke.

Huyo hapo baba, akasema binti yangu. Kidole amekibandika kwenye kioo. Wakauliza wapi. Akasema hicho kiti, kwani hamwoni kiwiko? Ni kile kile! Wakasogeza pua, wakakitazama, wakashauriana. Ni kile kile. Wakaniomba nikunje mkono, wakalinganisha. Yule wa kucheka akamuuliza binti yangu kama kweli baba yake anaweza kugeuka kiti. Akajibu: akitaka. Wakatupisha njia kwa heshima. Mpaka shuleni binti yangu alinishika kiwiko hicho hicho, na mimi nilifurahi, sifichi, nilifurahi mpaka nikapitiliza geti na kuingia naye darasani.

Sasa nimetulia, nimetafakari kwa akili timamu. Ukubwa niliupata. Katikati nilipata. Shemeji hana kichwa. Kazi yote haikuwa na doa isipokuwa moja, nalo ni kiwiko. Kimenivurugia kila kitu! Kingefunikwa, hakuna mtu duniani ambaye angenitambua. Safari ijayo hakitaonekana hata kwa darubini. Mama mkwe anaondoka kesho asubuhi. Nimejitolea kumsindikiza mpaka stendi, ila nitarudi haraka, maana ule mto wake utakuwa wazi.