Udongo wa Maua ya Bibi Miwani

Jumatatu, 8 Januari 1912
Bahati imepita karibu yangu nami nimeidaka. Asubuhi Bibi Miwani, mke wa Bwana Miwani wa reli, alituita barazani sisi watumishi wote. Mkononi bahasha. Ndani yake mbegu nyeusi, ndogo kama tumbaku ya kunusa. Huota maua mekundu ambayo kwao huyaita moni. Ni ndugu wa mmea wa kasumba, ila haya hayalevyi mtu. Marehemu mama yake alizichuma bustanini kwake, akazituma kwa meli, akafa kabla barua ya shukrani haijamfikia. Hakuna nyingine. Bibi akauliza nani anaujua udongo wa Dodoma. Elieza mtunza bustani akafungua kinywa. Mimi nikawahi.

Nilisema nimejifunza udongo Tanga. Ukweli ni kwamba Tanga nilihesabu magunia ya mbata. Lakini magunia yalikaa juu ya udongo, na mimi nilikuwa pale.

Bwana Miwani anakwenda upande wa Tabora kukagua njia, atarudi Ijumaa ya tarehe 26. Akikuta miche imeota, mimi Halfani, karani wa kunakili barua, nitakuwa msimamizi wa bustani, na Elieza atakuwa chini yangu. Akikuta mbegu zimepotea, hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Aliyasema hayo huku akifuta miwani yake, bila haraka.

Jumatano, 10 Januari
Udongo wa uani ni mwekundu, mgumu, jembe linaruka. Elieza kaja na ushauri wake, kwa adabu ile ile inayonikera. Ati tuchukue mchanga wa korongoni, tuchanganye na samadi kuukuu ya zizi lililohamwa, na mbegu zimwagwe juu tu bila kufukiwa. Samadi! Kwa maua ya Bibi! Nimemwambia Waswahili wa pwani hatulimi kwenye choo cha ng'ombe.

Nimekwenda mwenyewe hadi njia ya Msalato. Huko nimekuta bonde lenye udongo wa kijivu, laini kama unga wa muhogo. Hakuna hata jani moja lililoota. Nikafurahi, maana pasipoota majani hakuna palizi. Nyayo za ng'ombe zimejaa pande zote.

Mzee Matonya alikuwa akichunga hapo. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza kama udongo huu ni mzuri. Akasema mzuri sana, ng'ombe wake hutembea nusu siku kuufuata. Sikuuliza zaidi. Mtu akishasifu, ya nini kumchosha?

Jumamosi, 13 Januari
Wapagazi wanne, makapu ishirini. Tuta limekaa zuri, laini kama kitanda cha bwana harusi. Elieza aliinama, akachukua chembe, akaitia ulimini. Kisha akaniomba nami nionje. Nikamjibu mimi si mbuzi.

Alitaka kumwambia Bibi. Nikamwahi tena. Nilimweleza Bibi kuwa Elieza ana kijicho, maskini, ndiyo tabia ya waliosoma misheni kidogo. Bibi akamtuma Elieza kuteka maji. Lakini kabla hajaenda alimpa mbegu kidogo, za kushika kwa vidole viwili tu, azijaribu kwa njia yake. Elieza kazimwaga kwenye chungu kilichovunjika mdomo, karibu na jiko. Samadi yake imo humo. Nimecheka.

Bibi aliniagiza nipande nusu ya bahasha. Nikapanda yote, ili miche iwe mara mbili. Nimezifukia shubiri nzima chini, ndege wasizione.

Ijumaa, 19 Januari
Tuta kimya. Namwagilia, maji yakikauka yanaacha ukoko mweupe. Nadhani ni dalili ya nguvu. Bibi huja kila asubuhi na kikombe chake, husimama, huuliza bado? Namjibu bado kidogo. Leo aliniambia mama yake alikuwa akiyapanda chini ya dirisha la chumba alichozaliwa yeye. Sikupenda kuambiwa.

Jumatatu, 22 Januari
Msiba. Alfajiri ng'ombe wa Mzee Matonya wamevunja ua. Hawakugusa mchicha wala mahindi. Walikwenda moja kwa moja kwenye tuta langu wakalilamba mpaka ardhi nyekundu ikaonekana. Mzee Matonya alifika anahema. Akaomba radhi, akaniuliza kwa upole kwa nini nimeleta chumvi ya ng'ombe na kuitandaza nyumbani kwa Mzungu.

Bibi alitoka. Nikamwambia bahasha yote ilikuwa pale. Hakupiga kelele. Alipiga magoti akapekua udongo uliobaki kwa vidole, akitafuta hata mbegu moja. Nilitamani anitukane. Nilisimama kama kigingi, na kwa mara ya kwanza nilimwonea mtu huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Ilidumu kitambo kidogo.

Kisha nikakumbuka Ijumaa.

Alhamisi, 25 Januari
Chungu cha Elieza kimeota! Miche kumi na zaidi, myembamba kama nyuzi. Nimepata akili. Asubuhi, Elieza akiwa kwenye sala zake, niliing'oa moja moja nikaipanda kwenye tuta, mistari miwili, imenyooka kama reli. Bwana Miwani akirudi ataona tuta lina miche. Nani atauliza imetoka wapi?

Saa tano jua likawa kali. Saa sita miche imelala. Saa saba sikuweza kuipata tena. Elieza alikitazama chungu chake, akanitazama mikono. Kisha akakimwagilia maji chungu kile kile. Namchukia mtu asiyegomba.

Jumamosi, 27 Januari
Naandika nikiwa nimesimama.

Bwana Miwani alirudi jana kwa gari la moshi la jioni. Leo asubuhi aliandika barua fupi ya kwenda bomani, akanipa niinakili, maana kunakili ndiyo kazi yangu. Palikuwa na viboko 25. Nilijaribu kuigeuza mbili iwe moja. Ikawa saba. Askari wa bomani aliposoma sabini na tano, nilikuwa wa kwanza kusema kuna kosa la mwandishi.

Niliporudi nilimkuta Elieza ameinamia chungu. Mitatu imebaki, ile midogo iliyojificha kwenye mdomo uliovunjika, sikuiona. Bibi alikuwa kando yake ameshika mkono kinywani. Sasa duniani yapo maua matatu tu ya mama yake.

Jumapili, 24 Machi
Elieza amekwenda Buigiri, nduguye Raheli anabatizisha mtoto. Atarudi kesho. Miche mitatu imekua, na mmoja una tumba la kwanza. Mimi nimewekwa kufukuza kuku, basi. Elieza amechora mstari wa mkaa kuzunguka chungu na kuniomba, kwa adabu ile ile, nisiuvuke.

Saa nne nikaona jambo. Tumba limeinamisha kichwa. Shina limepinda kama mgonjwa. Jana Elieza alinionya kwamba ndivyo lilivyo, huinama kabla ya kuchanua, Bibi mwenyewe kamwambia, niliache. Mtu mzima anaamini maneno hayo! Nani amewahi kuona kiumbe mwenye afya akaning'iniza kichwa?

Ni udongo. Nilisema tangu mwanzo kuwa samadi haifai. Nimekwisha kuuona udongo mwingine bondeni, mweusi, mzito, unashika kiatu hata usiachie. Udongo unaoshika hivyo utalishika na ua. Kapu limejaa, liko hapa mlangoni.

Bibi amelala na kichwa kinamuuma. Sitamwamsha. Akiamka atakuta yote matatu yamehamishwa, na atajua ni nani katika nyumba hii anayeujua udongo. Nimeshauvuka mstari. Kijiko ninacho.