Ombi la Kurudishiwa Ugomvi Wetu

Ndugu Mkurugenzi wa Semina ya Mabadiliko Chanya,

Natumaini barua hii itakukuta umetulia, maana nasikia kutulia ndiyo kazi yako. Mimi ni fundi cherehani. Wateja huniita Futi, kwa kuwa ndiye ninayepima. Nashona duka moja na mdogo wangu, anayeitwa Mkasi kwa kuwa ndiye anayekata. Ni fundi wa hovyo. Nirekebishe: ni fundi wa kawaida. Nirekebishe tena: ni fundi mzuri, mwenye mkono mwepesi na sura ya kupendeza.

Mwezi uliopita mke wangu alihudhuria semina yako. Aliondoka na mkoba mtupu, akarudi na kalamu za rangi na sayansi nne. Kwa heshima na taadhima naomba uje uzichukue, japo tatu.

Mimi na Mkasi tulikuwa na ugomvi mzuri sana. Tulimshonea mwalimu mkuu koti, na siku hiyo kila mmoja alikuwa na haraka, hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Mkono mmoja ukafika panapotakiwa, wa pili ukaishia karibu na kiwiko. Mimi nikasema amekata vibaya, yeye akasema nimepima vibaya. Tukatundika pazia katikati ya duka. Tangu hapo, nikitaka pasi nilikuwa namtuma mteja: "Hebu mwambie huyo wa nyuma ya pazia, pasi si ya baba yake." Baba yake ni baba yangu pia, lakini ujumbe ulikuwa unafika.

Sasa malalamiko.

1. Sayansi ya tabia. Mke wangu alifundishwa kwamba mtu habadiliki kwa kuhubiriwa, bali kwa kupangiwa mambo hadi lililo jema liwe ndilo jepesi. Kweli hakutuhubiria. Alikuja anatabasamu, akaiacha pasi upande wa Mkasi na kuhamishia chaki zote upande wangu, kisha akalitoa benchi la wateja nje, kwenye kivuli. Nikakosa wa kumtuma. Nilishikilia msimamo mpaka nguo zikajaa makunyanzi, ndipo nikasema, "Pasi." Pazia likajibu, "Chaki." Huo ni uvamizi.

2. Utulivu wa akili. Tuliamriwa kuvuta pumzi mara tatu kabla ya kusema neno baya, huku tukisikiliza hewa inavyoingia. Ndugu Mkurugenzi, matusi yangu si ya kubahatisha. Siku ile nilikuwa na moja nililolitunga nikipiga mswaki. Nikavuta pumzi ya kwanza. Kwenye ya pili nikasikia cherehani ya Mkasi inalia vibaya, na kwenye ya tatu nikajua inataka mafuta. Nikampelekea mafuta. Tusi limepotea hadi leo, na lilikuwa zuri.

3. Kuiga viumbe. Nyuma ya duka kuna mti wenye wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Mke wangu alitusimamisha pale, watu wazima wenye familia, tujifunze kwa wadudu. Kundi moja linavuta kingo za majani mawili zikutane, jingine linapita na uzi unaotoka kwa mabuu yao. Akatuuliza kama tunaona pazia kati yao. Nilitafuta sana, sikuliona. Mara mmoja akamng'ata Mkasi shingoni, nikacheka kabla sijakumbuka kwamba hatusemeshani. Naye akacheka, na kicheko chake ni kile kile cha marehemu mama. Nilikuwa nimekisahau. Nilirudi kwenye cherehani, na jioni ile yeye alivuta kitambaa, mimi nikashona. Je, semina yako ina kibali cha kumfanyia mtu mambo haya saa za kazi?

4. Fikra za usanifu. Eti kabla ya kurekebisha kitu, muulize anayekitumia. Akabandika vikaratasi vya rangi ukuta mzima, kisha akamfuata mwalimu mkuu kumuuliza lile koti linamsumbua wapi. Mwalimu mkuu akashangaa. Akasema mkono mfupi ndio wa kuandikia ubaoni: haushiki vumbi la chaki, wala hauwazibii watoto ubao. Amelivaa koti hadi limetoboka, na anaomba jingine lile lile. Nimemnunia ndugu yangu wa damu muda wote huu kwa sababu ya koti ambalo mwalimu mkuu analipenda! Nani atanilipa minuno yangu?

5. Hapa ndipo penye hasara kubwa. Ili tulirudie kosa, ilibidi kwanza tujue lilikuwa la nani. Nikapima kama nilivyopima siku ile, Mkasi akakata kama alivyokata. Mikono ikatoka sawa. Tukarudia, ikatoka sawa. Nikapima nimefumba macho, akakata huku akiimba, ikatoka sawa kama mapacha. Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni, na muuza viatu wa jirani akaja mbio akidhani kuna msiba. Tatizo tunalijua: koti lile lilishonwa na watu wasioulizana. Siku hizi ni "Kaka, hapa?" na "Hapo hapo, mdogo wangu," toka kola hadi pindo. Semina yako imetunyang'anya uwezo wa kukosea, na mteja anasubiri.

Kwa hiyo naomba umwite mke wangu kwenye semina ya kumrudisha alivyokuwa. Ikishindikana, utume mtaalamu atutundikie pazia. Hilo nalo likishindikana, basi utuazime ugomvi wowote ulio nao ofisini, hata mdogo, mpaka koti liishe. Tutaurudisha ukiwa umepigwa pasi.

Nawasalimu wakufunzi wako wote, mlinzi wa getini na aliyewauzia zile kalamu za rangi. Mke wangu naye angewasalimu, ila hajui kama nawashtaki.

Wako aliyedhulumiwa kwa wema,
Futi
Fundi cherehani, idara ya kupima

N.B. Mwandiko wangu haufai kupelekwa kwa wakubwa, kwa hiyo mimi nimesema, Mkasi ameandika. Kule mwanzo aligoma kuendelea mpaka nilipofika kwenye sura ya kupendeza. Mtaalamu wa pazia usimtume tena, kwa sababu pazia lenyewe tumelifanya bitana ya koti jipya la mwalimu mkuu, na mkono mmoja ataukunja mwenyewe. Badala yake tutengee viti viwili semina ijayo, vya kukaa karibu. Pia utuwie radhi kwa doa kwenye lalamiko la tatu, pale penye kicheko cha mama. Ni chozi. Mimi nasema ni lake, yeye anasema ni langu, na mpaka tunafunga bahasha huo ndio ugomvi pekee tulioupata.