Barua ya Nafasi Tatu

Jumatatu, 5 Februari 1979

Mwenyekiti Ansbert ametangaza. Kijiji kinataka mwandishi mmoja wa barua za vijana wetu walioko vitani. Atapewa meza ofisini na baiskeli ya kijiji, azipeleke posta Biharamulo. Baiskeli! Ina kengele! Nimekwisha kujiona Nyakahura siku ya gulio, watu wakinipisha.

Kikwazo ni Marsiana, mwalimu wa elimu ya watu wazima. Naye anaitaka kazi. Kila mmoja wetu kapewa wazazi kumi na wawili awaandikie. Jumamosi barua zitasomwa hadharani, wazazi waamue. Katika wangu yumo Mama mwenyewe, anayemwandikia mdogo wangu Faustini.

Jumanne, 6 Februari

Nimepata akili. Barua zote zinafanana! Salamu, sisi huku wazima, hofu ni kwako, tunakuombea. Kwa nini niyaandike hayo mara kumi na mbili? Nimeandika mara tatu tu, kwa karatasi za kaboni, nakala nne kwa mpigo. Katikati nimeacha nafasi tatu: "Mpendwa ______. ______ hajambo, ila ______." Jina, mhusika, habari. Basi.

Marsiana kaziona. Tumebishana mbele ya ofisi mpaka watu wakaacha kupukuchua mahindi. Nilimwambia barua yangu ni ileile yake, nimeondoa jasho tu. Akasema njia ya mkato inampa raha anayeandika, je, anayesoma? Akasema Mzee Bulugu huanza na ng'ombe ndipo aje kwa watu, na mama yangu hawezi kusalimu kama Mzee Bulugu. Nikasema ng'ombe ataenea vizuri nafasi ya pili. Nikasema pia kwamba anapinga maendeleo. Akarudi kuandika. Hadi jioni alikuwa na barua mbili. Mbili!

Alhamisi, 8 Februari

Habari zote nimezikusanya daftarini, kwa mpangilio. Leo najaza. Kwanza majina kumi na mawili, halafu wahusika, mwisho habari. Mkono unakwenda wenyewe!

Nilipomaliza nafasi ya pili akaingia Mzee Bulugu. Shikamoo, marahaba. Alitaka kuishika barua ya mwanawe Ngeleja. Kusoma hajui, kuishika tu. Ilikuwa ya juu kabisa. Akaishika, akainusa, akairudisha chini ya rundo. Nikaendelea na nafasi ya tatu.

Kisha Mama. Kaomba nimwandikie upya, kwa mkono, yeye akiwa ameketi hapo. Nikamjibu kwamba yake iko tayari. Akakaa kidogo, akaondoka. Wazee hawajui thamani ya muda. Bahasha zote nimezifunga bila kuzisoma, maana fomu haikosei.

Jumamosi, 10 Februari

Heri ningeumwa.

Mwenyekiti katubadilishia: Marsiana asome zangu, mimi zake. Kafungua ya Ngeleja. "Mkeo Suzana hajambo, ila amevunjika pembe ya kushoto." Watu wakaangua kicheko. Mzee Bulugu hakucheka. Aliuliza taratibu imetokea saa ngapi, maana asubuhi alimwacha mkwewe mzima.

Habari zote zimeruka karatasi moja! Ikaja ya Faustini. "Mama yako hajambo, ila amekauka maziwa, tunafikiri kumchinja." Baada yake ya mtoto wa Shibuda: "Fahali wetu hajambo, ila tangu uondoke chakula hakimshuki."

Wakacheka tena. Mama akasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Hilo la chakula nililisema mimi."

Kicheko kikakatika. Nikaeleza kwamba kosa ni la mikono ya Mzee Bulugu. Hakuna aliyenitazama.

Zamu yangu nikasoma za Marsiana. Niandike ukweli, hapa hapaonwi na mtu: ni nzuri. Ya nne niliisoma mara mbili bila kuombwa. Kachaguliwa yeye, mikono yote juu.

Jumapili, 11 Februari

Marsiana kapita na baiskeli. Kapiga kengele, na njiani hakukuwa hata na kuku.

Baada ya kanisa nimemwona Mama kibarazani kwake. Mama anasema, Marsiana anaandika. Saa nzima! Anafuta macho, anaendelea kusema. Mimi mwanawe sijui anasema nini. Imeniuma sana, nimeshindwa hata kula.

Lazima niombe radhi. Nilishafika mlangoni, nikakumbuka kwamba wa kuombwa ni kumi na wawili. Nikitembea kwa kila mmoja nitamaliza wiki. Nikarudi ndani. Kaboni bado zipo!

Safari hii nafasi ni mbili tu, hazina pa kuchanganyikia. "Mpendwa ______. Mimi Idefonsi nimekukosea sana, hasa kuhusu ______." Nakala ya juu, yenye wino safi, nimeitenga iwe ya Mama. Jina lake nitalijaza baadaye, pamoja na mengine.