Hatua ya Tisa Irudishwe kwa Mwenyewe

Fundi Kibwana Mhina,
Chumba cha pili nyuma ya soko,
Manundu, Korogwe.

Kwa Bi. Loyce,
Mratibu wa Wajitoleaji Waandishi wa Maelezo ya Programu Huria,
Handeni.

Mheshimiwa Mratibu, mwanangu Loyce,

YAH: KUREJESHWA KWA HATUA YA TISA MIKONONI MWANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wa nyumbani kwako wazima. Mimi mwili hauna neno, ila roho inaniuma, na sababu yake ni wewe. Nimeandika kwa mkono makusudi. Ningeichapa na kuiweka kwenye mtandao wenu, kabla sijafika kwenye sahihi angekuwa ameshatokea mtu wa nchi ya mbali kunisahihishia mkato.

Utakumbuka mwaka jana ulikuja mwenyewe hapa Korogwe kututafuta sisi mafundi, ukatuomba tujitolee kuandika maelezo ya ile programu ya bure ya kuchapia kwenye kompyuta, ili watu wajisaidie wenyewe. Ukatugawia Mwongozo wa namna ya kuandika, kurasa kumi na mbili. Mimi nikapewa niandike ukurasa wa kurudisha kazi iliyopotea umeme ukikatika, kwa sababu Korogwe nzima inajua kazi hiyo ni ya Kibwana. Nikaandika hatua nane, safi, kwa Kiswahili ambacho hata mkaguzi wa shule angekisifu. Wewe ukaongeza ya tisa. Ugomvi wetu unaanzia hapo, nami nauweka kwa namba kama Mwongozo unavyotaka.

1. Mwongozo unasema maelezo yajaribiwe kwanza na mtu asiyeijua programu. Ukamchukua Enock, muuza rangi, mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta ila kuihamisha, ukamkalisha mbele ya ukurasa wangu. Akafika hatua ya nane akakwama. Ukaitafuta hatua iliyopungua, ukaiandika, na chini yake ukanishukuru mbele ya dunia nzima, eti asante Mzee Kibwana, nadhani hii uliisahau. Loyce, mimi sikusahau. Nilibakiza. Kusahau ni ugonjwa, kubakiza ni ufundi. Marehemu Sharifu wa Magoma, aliyenifundisha redio, kwa miaka minne alinionyesha kila kitu isipokuwa waya mmoja. Kila akiufikia waya ule alikuwa ananituma maji. Nimechota maji mengi sana katika ujana wangu. Na babu yangu kule Handeni alikuwa na mzizi wa kutibu nge, akaondoka nao, hakumwambia hata bibi. Mpaka leo ukoo wetu unajivunia mzizi ule, na tukiumwa na nge tunakwenda zahanati.

2. Kabla ya ukurasa wenu, umeme ulikuwa ukikatika, nami nasogeza benchi. Robo saa haipiti, mlango umejaa: walimu, karani wa kanisa, vijana wa kadi za harusi, kila mmoja na kilio chake. Wa Kwashemshi anakuja na ndizi, wa Mnyuzi anakuja na habari. Hadi nimalize kurudisha kazi ya mmoja, nimeshajua nani anauguza, nani anaozesha binti, nani ameuza ng'ombe asiye wake. Sasa umeme ukikatika mtaa unanyamaza. Kila mtu yuko kwake, anajirudishia. Mwezi uliopita rafiki yangu Raymond wa Mnyuzi alifiwa na mkewe, na habari nikaipata siku ya nne, watu wameshaanua turubai. Nilisimama pale uwanjani kama mgeni aliyepotea njia. Niliona aibu, na niliumia, na bado naumia. Katika kurasa zenu zote kumi na mbili hakuna mahali panaposema habari kama hizo nitazipata wapi.

3. Hatua ya pili niliianza kwa "Haraka haraka haina baraka." Ikafutwa, kwa kuwa Mwongozo unakataza methali. Hatua ya tano niliandika: "Hapa toa mkono kwenye kipanya, meza mate, salimiana na aliye jirani yako, kisha endelea." Ikafutwa pia, na aliyefuta akaandika pembeni kwamba haihusu programu. Inahusu! Pale kwenye ya tano mashine inatafuta, na asiyeiachia nafasi ndiye anayebonyeza mara kumi na nne mpaka inagoma. Salamu ya Kizigua, ukiulizia na mifugo, inatosha kabisa. Nyinyi mkaweka "subiri sekunde thelathini". Nani Korogwe anahesabu sekunde?

4. Mwongozo unasema mtu yeyote ana ruhusa ya kunakili, kubadili na kugawa. Nilidhani ni maneno ya adabu tu, kama mtu anavyokwambia karibu chakula huku amebakiza matonge mawili. Kumbe mlimaanisha! Deogratius wa Magoma, mwenye duka la madaftari, ameuchapa ukurasa wangu, kaubandika mlangoni kwake, na kaugeuza Kishambaa. Mimi Mzigua, Loyce! Hatua zangu zinasemwa Kishambaa, na waliozisikia wanasema zimeeleweka zaidi. Nikaenda kumshitaki kwa mtendaji. Mtendaji akaniuliza kama ukurasa wangu umeibiwa. Nikasema upo palepale. Akauliza sasa kilichopungua ni nini. Nikamwomba anipe wiki moja nikalifikirie.

Wiki imekwisha na nimelifikiria. Naomba, kwa unyenyekevu wote, hatua ya tisa ifutwe, na mahali pake paandikwe: "Nenda Korogwe, Manundu, nyuma ya soko, uliza Kibwana." Najua ukurasa huu umeshafika nchi za mbali. Hilo si tatizo, benchi nitaongeza.

Na jambo hili lisiishie kwangu, nisije nikaonekana mchoyo. Kila programu huria duniani ibakize hatua moja, na hatua hizo zigawiwe mafundi kwa wilaya: Korogwe tuchukue kazi zilizopotea, Handeni wachukue printa, Lushoto tuwape nywila, maana watu wa milimani wanajua kutunza siri. Hadi mtu amalize kuandika barua moja atakuwa ameuzunguka mkoa, amesalimiana na watu, na kama kuna msiba njiani atakuwa ameupitia. Ikishindikana hilo, basi Mwongozo wenyewe upunguzwe ukurasa mmoja, nipewe mimi niufiche.

Nisalimie wajitoleaji wote wa Handeni, na wale wa ng'ambo wanaohangaika na nukta zangu bila hata kuijua sura yangu. Enock mwambie sina kinyongo naye, mtu kukwama si kosa. Deogratius simsalimii, ila mkewe na watoto wasalimie sana.

Ni mimi, mjitoleaji mwenzenu mpaka hatua ya nane,

Kibwana Mhina,
Fundi.

Nyongeza: Bahasha sijaifunga, na hapa nilipo ameingia Mwalimu Yuditha. Amekuja kwa bodaboda, kapakata boksi zima la kompyuta ya shule, kalifunga kwa kanga. Alama za mtihani za wanafunzi mia moja na kumi na wawili zimepotea umeme ulipokatika asubuhi, na kesho saa tatu wazazi wanakuja kuzisikia. Ameniamkia, akasema ukurasa wenu anaujua, ila ameona ni heri aje kwangu. Loyce, huyu ni mtu wa kwanza kukaa kwenye benchi hili baada ya miezi miwili. Nusura nitoe machozi. Nimefanya hatua zote nane bila kukosea. Ya tisa ninayoijua mimi, kwenye kompyuta hii haipo: wameweka toleo jipya na vitu vimehamishwa. Nasikia ukurasa wenu mlishaurekebisha, lakini kuufungua siwezi, mwalimu amekaa ubavuni kwangu na macho yake yote yako kwenye kioo. Kupiga simu ndiyo kabisa, atasikia, na salio la meseji sina. Nimemwambia tuiache mashine ipoe. Barua hii nampa kondakta wa basi la Handeni linaloondoka sasa hivi. Ukiipokea tu, kabla hujasoma huko juu, nitumie hatua ya tisa kwa meseji kwenye simu yangu ya kitochi. Iandike yote, mwanangu, usibakize hata neno.