Yai Chupani, Mbele ya Kamera

Jumatatu, 7 Machi

Nimeteuliwa! Karibu nimeteuliwa. Mkurugenzi ametuita ofisini akatangaza kwamba kipindi changu cha sayansi kinatoka redioni kwenda kwenye televisheni, kile chombo kipya ambacho mjini wanacho wachache na wengine wote tunajazana kukitazama dirishani kwa muuza redio. Jumamosi hii, moja kwa moja hewani. Nikifanya vizuri, kiti ni changu. Nikiboronga, anakichukua Bi Mawingu, yule msomaji wa hali ya hewa, ambaye tangu aje hapa hajawahi kukosea mvua. Mtu wa namna hiyo unamwaminije?

Nikauliza tunaanza na jaribio gani. Yai, akasema. Yai linaloingia lenyewe ndani ya chupa. Hakuna jambo ambalo wasikilizaji wameliandikia barua nyingi kama hilo.

Jasho likanitoka. Yai hilo nimelieleza redioni miaka nenda miaka rudi. Unawasha karatasi, unaitumbukiza chupani, unaweka yai bichi mdomoni mwa chupa, na pop! Hiyo pop naipiga kwa kidole shavuni. Yai lenyewe sijawahi kulishika, isipokuwa wakati wa kula. Wanaoandika kwamba limekataa kuingia huwa nawajibu hewani kwamba hawana subira ya kisayansi.

Jumanne, 8 Machi

Nimejaribu jikoni, mke akiwa kazini. Karatasi ikawaka vizuri. Yai likakaa juu ya chupa kama mwenye nyumba. La pili nikalisaidia kwa kiganja. Ukuta umeharibika.

Mama mkwe, ambaye yuko kwetu tangu mwezi uliopita, akaingia, akautazama ukuta, akanipa pole. Kisha akasema taratibu kwamba yeye, baba, alilijaribu siku ile ile nilipolieleza redioni, na haliingii. Kanyamaza miaka yote hiyo asinivunjie heshima! Nikamshukuru. Nimeumia sana, lakini mama mkwe hajibiwi.

Jumatano, 9 Machi

Nina akili mimi! Leo nimefika kazini bila sauti. Nikamwandikia Mkurugenzi kwamba koo limefunga, na kwamba hilo la yai afanye Bi Mawingu, mimi nitakuja wiki inayofuata na jaribio lenye ustaarabu. Kwamba nataka aumbuke yeye, hilo sikuliandika. Mkurugenzi akasoma, akasema vizuri sana, basi Bi Mawingu akichukue kipindi jumla.

Sauti ikarudi pale pale, kubwa kuliko ya zamani. Katibu wake akaangusha kikombe.

Alhamisi, 10 Machi

Balaa. Nimemchungulia Bi Mawingu kupitia tundu la ufunguo, kule chumba cha vifaa. Anafanya mazoezi, eti nisije nikapatwa na jambo. Yai lake limechemshwa! Limemenywa! Akatumbukiza karatasi inayowaka kwenye chupa ya maziwa, akaliweka yai juu, likatetemeka kidogo, likazama lenyewe. Hakugusa hata shavu.

Kumbe linaingia kweli! Furaha ikanijaa, kisha nikakumbuka. Mimi watu wote nimewaambia yai bichi, na ganda lake. Nikionyesha lililomenywa, kila jiko litajua kwamba sikuwahi kulijaribu. Hapana. Lazima liingie bichi. Sayansi ikikataa, nitaisaidia.

Mpango uko tayari. Fundi vioo ameniondolea kitako cha chupa. Seremala ametoboa meza. Kitambaa kirefu mpaka sakafuni. Chini ya meza atakaa shemeji, kaka wa mke wangu, mtu mnene, hana kazi, ana moyo mzuri. Mimi nitafunika mdomo wa chupa kwa kiganja, yai langu litatelezea kwenye mkono wa koti, yeye atalisukuma la kwake kutoka chini.

Ijumaa, 11 Machi

Mazoezi nyumbani. Yai limepanda kwa madaha! Mke amepiga marufuku moto baada ya mambo ya Jumanne, basi ile hatua ya karatasi tumeitaja tu kwa mdomo, kama redioni. Shemeji analalamikia magoti. Nimemwambia sayansi ina gharama zake.

Alasiri nikaipeleka meza studio. Bi Mawingu akaizunguka, akaniuliza kwa upole kitambaa kirefu hivi ni cha nini. Nikasema ni heshima. Akasema haya, akaenda zake. Sijaipenda hiyo haya. Kesho nikishindwa, nitabaki kusoma matangazo ya vifo na vyeti vilivyopotea mpaka nizeeke.

Jumamosi, 12 Machi

Studio ilikuwa tanuri kwa zile taa zao. Shemeji alishaingia chini ya meza, namsikia anavyohema. Mama mkwe, mke na nusu ya mji wako dirishani kwa muuza redio. Taa nyekundu ikawaka. Hewani! Nikasalimu, sauti safi. Nikainua yai bichi, nikaligonga kidogo walisikie ganda. Nikawasha karatasi. Nikaitumbukiza chupani.

Chupa isiyo na kitako!

Niliiona inavyopita. Ikashuka chupani, ikaingia tundu la meza, ikaenda zake. Nikatabasamu kwenye kamera, nikaendelea kuzungumza juu ya hewa, moyoni naomba ule moto uzimikie njiani. Kisha meza ikaguna. Kisha meza ikainuka. Watazamaji wote wakaiona meza imesimama kwa miguu miwili ya binadamu, imevaa kitambaa, inapiga kelele kwamba shemeji unaniunguza! Mpiga picha, badala ya kugeuza kamera, akaisogelea.

Bi Mawingu akaja na jagi la maji. Akammwagia shemeji, akawaomba radhi watazamaji, akachukua chupa nzima na yai lililomenywa. Akaeleza kwamba moto huipasha hewa iliyomo, ukizimika hewa hupoa na kunywea, na hewa ya nje hulisukuma yai ndani. Likaingia. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, yai limenipasukia ndani ya mkono wa koti.

Jumapili, 13 Machi

Shemeji amelala kifudifudi. Mke anaongea na masufuria, si na mimi. Mama mkwe pekee ndiye aliyenifariji, akasema kwamba, baba, angalau safari hii moto ulikuwa wa kweli.

Naona aibu. Naiogopa kesho. Hakuna kazi nyingine ninayoiweza.

Jumatatu, 14 Machi

Simu ya ofisi haikutulia. Watu wamecheka mpaka wamelia, na wanauliza tunarudi lini. Mkurugenzi ameamua. Mtangazaji ni Bi Mawingu. Mimi kila Jumamosi nitangulie, nifanye jaribio vile vile nilivyokuwa nikilieleza redioni, kisha yeye aje awaonyeshe watu ukweli. Akatuuliza kama tumeelewa. Bi Mawingu akatabasamu, maskini ya Mungu. Hajaelewa chochote. Natangulia mimi! Yeye anafuata nyuma akisafisha!

Jumamosi ijayo ni kuvunja gilasi kwa sauti tupu. Redioni niliivunja vizuri sana, fundi mitambo akiwa kando na nyundo. Sauti ninayo. Nyundo nimeshaazima. Meza itapatikana, na tundu lenyewe safari hii ni dogo tu. Shemeji amekataa katakata, na mke ameapa kwamba nikimgusa tena kaka yake nitahama. Sawa, wala sibishani. Jioni nimekaa karibu na mama mkwe, nikamuuliza, kwa heshima zote, kama giza huwa linamsumbua.