Dizeli ya Shamba, Msingi wa Chekechea

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepata kazi. Kuchimba msingi wa shule ya chekechea ya Bi Sumaiya, hapa Turffontein. Ruphin, yule Mrundi mwenye kijiko cha kuchimbia chakavu kuliko changu, naye aliitaka. Nikataja bei ya chini mno, hata Bi Sumaiya akaniuliza kama najisikia vizuri.

Siri ni mafuta. Wiki iliyopita nilimchimbia dada Denise mfereji wa maji shambani kwake Walkerville. Kijiko kilikunywa dizeli yake, na serikali humrudishia sehemu ya kodi ya dizeli hiyo kwa kuwa ni mkulima. Sisi wa ujenzi hatupati kitu. Mashine ile ile, udongo ule ule, jasho lile lile. Huu ni ubaguzi, na mimi ni mtu wa haki.

Nimempigia simu kumwomba pipa moja. Amekataa. Kasema mafuta yale ni ya kazi za shamba lake tu, akigundulika kayatoa nje atanyimwa nafuu, na bila nafuu kabichi hazimlipi. Mjane, kaingia nchi hii na mfuko mmoja kutoka Burundi, leo ana trekta. Nilitarajia moyo mpana zaidi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamka na jibu. Kama dizeli haiwezi kwenda kwenye ujenzi, basi ujenzi uende kwenye kilimo.

Nimekwenda sokoni Newtown, nimenunua miche ya spinachi, nimeipanda kwenye kona ya kiwanja cha chekechea. Kisha nikampigia tena dada Denise. Nikamwambia nimepata shamba mjini, tulime kwa ubia, mavuno ayauze yeye pamoja na kabichi zake. Akafurahi sana. Kasema tangu mumewe afariki hakuna mtu aliyemwita mbia. Pipa limefika kabla ya magharibi.

Zubeda, mke wangu, ameuliza kwa nini kitalu chenye ukubwa wa mswala kinahitaji mashine ya tani saba. Nimemjibu kuwa hicho ndicho kilimo cha kisasa. Akanitazama anavyomtazama muuza samaki asiyemwamini.

Alhamisi, 7 Agosti

Baridi ya kukata masikio. Nimechimba tangu asubuhi. Dizeli ya nafuu ina mngurumo wake, laini. Mtaro umefika kiunoni. Ruphin kapita, kasimama ukingoni na mikono mfukoni, akatazama shimo, akatazama miche.

"Bwana Shehe," akasema, "hizi epinari zako zinatafuta nini huko chini?"

Nikamwambia spinachi ya aina hii ina mizizi mirefu. Akasema yeye hununua dizeli yake sheli kama kila mtu, na usiku analala. Nikamwambia ndiyo maana amekosa kazi. Akaondoka taratibu. Maskini, sheria zimemharibu.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya. Lori la zege lilikuja nikiwa bado msikitini, na mafundi hawakungoja. Kumbe kona ya spinachi ilikuwa ndani ya ramani. Nimerudi, shamba langu lote limekuwa sakafu.

Nikiwa bado naduwaa, gari likasimama. Akashuka dada Denise, kavaa gauni lake la kanisani, na nyuma yake mkaguzi wa kodi, Bi Mabaso. Papo hapo nikamlaani Ruphin moyoni. Kumbe si yeye aliyenichongea. Denise mwenyewe ndiye aliyepiga simu ofisini kuuliza shamba jipya aliingize vipi kwenye maombi yake, maana hataki kukosea. Mkaguzi alikuwa na zamu upande huu, akasema atakuja kuliona.

Nani duniani huipigia simu ofisi ya kodi bila kuitwa?

Bi Mabaso akauliza shamba liko wapi. Nikaonyesha zege. Nikaeleza kuwa ni msingi wa nyumba ya kuoteshea mboga. Bi Sumaiya akatokea wakati huohuo, akaniuliza kwa Kiingereza, mbele ya watu, bembea za watoto zikae upande gani. Mkaguzi akataka kujua kama mboga zangu hupenda kubembea.

Denise hakupaza sauti. "Kaka Shehe, uliniambia shamba." Basi. Akarudi kukaa ndani ya gari.

Bi Mabaso kasema pipa lile halirudishiwi kodi, na sasa madai ya Denise ya mwaka mzima yatapitiwa upya. Mwaka mzima, kwa pipa moja. Nikasema huu ni uonevu. Akasema anakubaliana nami, huku akinitazama mimi.

Bi Sumaiya kampigia Ruphin aje kumalizia kazi.

Jumamosi, 9 Agosti

Zubeda kanipeleka Walkerville kama mtoto aliyevunja kioo cha jirani. Nimesema samahani. Nikaongeza kwamba nia yangu ilikuwa njema. Zubeda akanikanyaga mguu.

Denise katupa chai. Wakaguzi watamjia wiki ijayo. Meza ilijaa risiti zake za dizeli, vikombe tukavishika mkononi. Nikanywa chai.

Mfereji wake umeporomoka upande mmoja. Nikajitolea kuleta kijiko. Akasema kijiko changu hakitakanyaga tena pale, akanipa koleo. Nimezibua hadi alasiri. Jambo moja nimelitambua: koleo halinywi mafuta kabisa. Ila haliendi kasi.

Jumapili, 10 Agosti

Mgongo umekataa kunyooka. Nimelala chali nasoma kanuni zenyewe kwenye simu. Zubeda anasema ningezisoma Jumatatu iliyopita. Wanawake hupenda kurudi nyuma.

Na nimeona walichonificha wote, Denise, Ruphin na mkaguzi wao. Nafuu ya dizeli si ya wakulima peke yao. Wenye misitu pia wanapewa.

Misitu. Nimejikokota hadi dirishani. Mtaa mzima una miti, pande zote mbili, mikubwa, hadi kule chini kwenye robot, taa za barabarani. Miaka yote nimepita chini yake kama kipofu.

Kesho, mgongo ukikubali, namwendea jirani wa mkabala, yule mstaafu mwenye jakaranda mbili uani. Msitu lazima uanzie mahali.